Swali la Kwanza la Kiongozi

Somo kwa kamati za zahanati, bodi za hospitali na wasimamizi wa huduma za afya

SHABAHA YA SOMO: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze kueleza tofauti kati ya maadili yaliyoandikwa ukutani na maadili yanayotendwa, waone jinsi kiongozi anavyoyajenga au kuyabomoa pengine bila kujua, na wapange hatua moja ya kuanza nayo katika zahanati yao.

MUDA: Saa mbili.

VITU VINAVYOHITAJIKA: Kitabu cha kumbukumbu za mikutano mitatu iliyopita, karatasi kubwa na kalamu.

1. Tunazungumza juu ya nini?

Ndugu wasomaji, ukiingia katika hospitali nyingi siku hizi utakuta ubao mkubwa karibu na mlango. Umeandikwa maono, lengo, halafu maadili: heshima, uaminifu, upendo, uwajibikaji, huduma bora kwa wote. Maneno hayo ni mazuri na hatuna ugomvi nayo. Lakini mama aliyebeba mtoto mwenye homa hasomi ubao. Yeye atajua maadili ya mahali pale kwa namna askari wa lango atakavyomsemesha, kwa muda atakaokaa kwenye laini, na kwa vile sista atakavyomjibu akiuliza, "Hii dawa ni ya nini?"

Kwa hivyo katika somo hili tukisema maadili hatutazami ubao. Tunatazama mambo ambayo watu wa hospitali hufanya kila siku bila kuambiwa, hata kama mkubwa hayupo. Mahali pengine mgonjwa asiye na pesa hutazamwa kwanza, halafu mambo ya malipo yakafuata. Mahali pengine askari wa lango hula kitu kidogo ndipo mtu aruke laini, na kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Hiyo ndiyo tabia ya mahali. Sasa swali ni hili: tabia hiyo ilitoka wapi?

Wengi wetu tutasema ilitoka kwa wafanyakazi wabaya, au kwa umaskini. Ni kweli kuna wafanyakazi wabaya, na umaskini tunaujua. Lakini somo hili lina neno lingine la kusema. Tabia ya hospitali au zahanati hutoka sana katika mambo mawili madogo ya kiongozi: swali analouliza kwanza, na namna anavyompokea mtu anayemletea jibu lisilopendeza. Hebu tuone.

2. Friji ya chanjo

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna zahanati mahali fulani yenye friji ya chanjo ya gesi. Sheria ya chanjo inajulikana: zikae katika joto la nyuzi 2 hadi 8. Zikipata joto sana, nguvu yake huisha. Na nyingine zikiganda huharibika vilevile. Kwa sababu hiyo pale mlangoni mwa friji kuna chati, na sista huandika joto asubuhi na jioni, kila siku, hata Jumapili.

Jumatatu asubuhi sista anafungua na kukuta gesi imeisha. Kipimo kinaonyesha nyuzi 17. Hajui ni tangu lini, labda Jumamosi usiku. Nje akina mama thelathini wameketi na watoto, wengine wametembea tangu alfajiri. Sista anampigia mwenyekiti wa kamati simu.

Mwenyekiti wa kwanza anasema hivi: "Ni nani alikuwa zamu? Kwani hamkuona gesi inaisha? Mnataka tuaibike mbele ya watu wa kaunti? Hii itatoka kwa mshahara wa mtu!" Sista anajibu, "Pole mzee," na kukata simu.

Mwenyekiti wa pili anasema: "Asante kwa kuniambia mapema. Kuna mtoto yeyote amedungwa leo? Hapana? Vizuri. Tenga hizo chupa, andika zisitumiwe, na upigie afisa wa chanjo wa kaunti ndogo atuambie la kufanya. Mimi nakuja tuzungumze na akina mama. Mambo ya gesi tutayaangalia kesho."

Wenyeviti hawa wawili ni watu wema. Wote wanapenda zahanati yao. Hata maneno ya kwanza yana ukweli ndani yake, kwa maana gesi ilipaswa kuangaliwa. Lakini tuangalie matokeo baada ya mwaka mmoja. Katika zahanati ya kwanza gesi itaisha tena siku moja, kwa sababu gesi huisha. Siku hiyo sista hatapiga simu. Ataandika nyuzi 5 kwenye chati, atabadilisha mtungi kimya kimya, na watoto watadungwa chanjo iliyokufa. Akina mama watakwenda nyumbani na kadi iliyojazwa, wakiamini mtoto amekingwa na surua. Na afisa akija kukagua ataikuta chati safi kabisa, nyuzi 5, 5, 5, mwezi mzima, na mwenyekiti atapongezwa.

Watengenezaji wa chanjo walijua udhaifu huu wa binadamu. Ndiyo sababu chupa nyingi za chanjo zina alama ndogo yenye mraba ndani ya duara. Joto likizidi, mraba huo hugeuka na kuwa mweusi polepole, na ukifikia rangi ya duara au kuipita, chupa hiyo haifai tena. Alama hiyo haimwogopi mwenyekiti. Lakini haionyeshi kuganda, na haiwezi kutusemea mambo mengine ya zahanati: dawa iliyopotea stoo, mama aliyetukanwa akijifungua, kipimo cha damu kilichoandikwa jina la mtu mwingine. Mambo hayo yana mdomo mmoja tu, nao ni mdomo wa mfanyakazi au wa mgonjwa. Tukiufunga, tumebaki vipofu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tunaongeza swali: je, ni nani aliyemfundisha kuficha?

3. Hospitali iliyokuwa na kila kitu

Pengine mtasema haya ni mambo ya zahanati ndogo ya mashambani. Tukipata pesa na madaktari wa kutosha yatakwisha. Basi tuende mbali kidogo, mahali ambapo umaskini hauwezi kulaumiwa, tuone kama ni kweli.

Katika mji wa Stafford, Uingereza, kulikuwa na hospitali ya serikali iliyokuwa chini ya shirika la afya liitwalo Mid Staffordshire. Ilikuwa na madaktari, mashine, na maji ya bomba. Lakini kati ya mwaka 2005 na 2009 mambo ya kuhuzunisha yalitendeka mle. Wazee waliachwa wamelala katika mashuka machafu. Chakula na maji viliwekwa mahali ambapo mgonjwa hangeweza kufikia, na baadaye sahani zikaondolewa bila kuguswa. Waliohitaji kusaidiwa kwenda msalani waliita bila kuitikiwa. Katika chumba cha dharura, makarani wa mapokezi wasio na mafunzo ya uuguzi ndio waliowaangalia wagonjwa kwanza na kuamua nani aharakishwe.

Kwa nini? Je, wauguzi wa Stafford walizaliwa wakatili? Uchunguzi haukusema hivyo. Viongozi wa shirika lile walikuwa na mambo mawili makubwa mezani. La kwanza ni pesa. Katika mwaka wa fedha wa 2006 hadi 2007 walijiwekea shabaha ya kuokoa pauni milioni 10, na kazi zaidi ya 150 zikapunguzwa. La pili ni cheo. Walitaka shirika lao lipewe hadhi ya kujisimamia zaidi, na walipewa hadhi hiyo Februari 2008, wakati wagonjwa wakiteseka wodini. Katika mikutano ya bodi swali la kwanza lilikuwa pesa na shabaha za serikali. Hali ya wagonjwa ilikuja nyuma, au haikuja.

Sasa angalia jinsi jambo jema linavyoweza kugeuka. Serikali ilikuwa imeweka sheria kwamba mgonjwa wa dharura asikae zaidi ya saa nne kabla ya kutibiwa, kulazwa au kuruhusiwa kwenda. Sheria hiyo ilitungwa kwa faida ya mgonjwa. Lakini pale Stafford wafanyakazi waliogopa kuvunja saa nne kuliko walivyoogopa kumkosea mgonjwa. Muuguzi mmoja wa chumba cha dharura, Helene Donnelly, aliwaambia wachunguzi kwamba muda ulikuwa ukiandikwa kwa uongo ili ionekane saa nne hazijapita. Unaona? Ni ile chati yetu ya friji, nyuzi 5, 5, 5, ila hapa imeandikwa katika hospitali kubwa ya Ulaya.

Bi Donnelly alipeleka malalamiko mara nyingi, kwa maandishi. Malipo yake yalikuwa vitisho vya wenzake kazini, hata akaogopa kutembea peke yake gizani kwenda kwenye gari baada ya kazi. Mtu wa familia yake alilazimika kuja kumchukua. Mwanamke mwingine, Julie Bailey, ambaye mama yake alifia katika hospitali hiyo mwaka 2007, aliwakusanya watu wengine waliofiwa, wakaanza kupiga kelele mpaka wakasikika. Tume ya kukagua huduma za afya ilitoa ripoti yake Machi 2009. Baadaye mwanasheria Robert Francis aliongoza uchunguzi mara mbili. Ripoti yake ya kwanza ilitoka Februari 2010, na ya pili, iliyokuwa na mapendekezo 290, ilitoka Februari 2013. Moja ya mambo aliyosisitiza ni kwamba bodi haikuwasikiliza wagonjwa na wafanyakazi wake vya kutosha, na kwamba uwazi na ukweli lazima viwe desturi ya kazi. Tangu Novemba 2014 sheria ya Uingereza imezilazimu hospitali za umma kumwambia mgonjwa ukweli na kumwomba radhi anapoumizwa na matibabu.

Jamani, tujiulize. Bodi ile ilikuwa na watu wasomi, na taarifa zilikuwa zimewafikia. Hawakukosa macho. Walikosa swali. Mtu ambaye kila mwezi huulizwa "Umeokoa pauni ngapi?" atatafuta pauni, na atakuwa mjinga kazini pake akileta habari ya mzee aliyekosa maji ya kunywa.

4. Njia nyingine inawezekana

Tusiwaache wasomaji na huzuni tu. Tuvuke bahari mpaka Marekani, katika mji wa Seattle, kwenye hospitali iitwayo Virginia Mason. Novemba 2004 mgonjwa mmoja mama mzee alikuwa akifanyiwa matibabu ya mishipa ya damu. Mezani palikuwa na vyombo vilivyotiwa vimiminiko visivyo na rangi, vyote vinafanana kama maji, na havikuandikwa. Kimoja kilikuwa na dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, kingine kilikuwa na dawa ya kusafishia ngozi. Yule mama alidungwa ile ya kusafishia ngozi, na akafa.

Hapo viongozi wa hospitali walikuwa na njia mbili. Moja ni kunyamaza, kuwaita wanasheria, na kumfukuza mfanyakazi mmoja ili mambo yapoe. Nyingine ni kusema. Walisema. Waliieleza familia, wakawaeleza wafanyakazi wote, wakatangaza hadharani kwamba kosa ni lao, na wakaomba radhi. Kisha wakaweka usalama wa mgonjwa mbele ya malengo mengine yote. Baadaye walianzisha tuzo ya kila mwaka yenye jina la yule mama, iliyopewa kikundi cha wafanyakazi waliofanya kazi nzuri ya kuzuia madhara. Jina lake halikufichwa. Limekuwa mwalimu wa hospitali nzima.

Tena, miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2002, hospitali hiyo ilikuwa imeanzisha utaratibu walioujifunza kutoka kiwanda cha magari cha Toyota. Kiwandani mfanyakazi yeyote akiona kasoro ana ruhusa ya kuvuta kamba na kusimamisha kazi. Pale hospitalini vilevile, mfanyakazi yeyote, hata wa usafi, ana haki ya kusema "Simameni" akiona mgonjwa yuko hatarini, na mkubwa anatakiwa kuja kuangalia. Utaratibu huo haukuzuia kifo cha yule mama, na hilo lazima tulikubali. Lakini hospitali iliyokwisha zoea kusikia habari mbaya ndogo iliweza kusimama wima ilipopata habari mbaya kubwa.

Ona tofauti. Stafford anayesema alitishwa. Seattle anayesema alishukuriwa. Mbao za ukutani pengine zilifanana.

5. Na hapa kwetu?

Sasa turudi nyumbani. Kamati na bodi zetu nyingi zilikua wakati wa mpango wa kugawana gharama, ulioanza Desemba 1989. Wananchi walianza kulipia huduma, na bodi za afya za wilaya, zilizoundwa mwaka 1992, zilipewa kazi ya kusimamia zile pesa. Kwa hivyo viongozi wengi walifundishwa uongozi wa afya kwa njia ya kitabu cha hesabu. Mwaka 2004 malipo yalipunguzwa yakawa shilingi 10 kwa zahanati na shilingi 20 kwa kituo cha afya, na Juni 2013 yakaondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Malipo yalibadilika, lakini mazoea ya mkutano hayabadiliki haraka. Hata leo ajenda ya kwanza baada ya kumbukumbu ni pesa: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, nani hajaleta risiti.

Hatusemi pesa zisihesabiwe. Zahanati isiyohesabu pesa ni zahanati inayoibiwa, na wizi wa dawa ni wizi wa uhai. Tunasema swali la pesa likiwa la kwanza kila mara, na swali la mgonjwa likiwa la mwisho wakati watu wanatafuta kofia zao, wafanyakazi husoma somo bila mwalimu.

Na somo hilo linaweza kufika mbali. Mwaka 2010 wanawake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walijifungua katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi. Hawakuweza kulipa, basi wakazuiliwa mle hospitalini kwa sababu ya deni. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu, na Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao za kikatiba, pamoja na uhuru na utu wao. Tena aliiagiza serikali ichukue hatua za kuwalinda wagonjwa wasizuiliwe kwa sababu ya bili. Hata baada ya uamuzi huo, kesi nyingine za namna hiyo ziliendelea kufika mahakamani.

Hebu fikiria yule askari wa lango anayemzuia mama mwenye mtoto mchanga mkononi. Yeye si mnyama. Nyumbani ana dada na ana mke. Lakini ameelewa vizuri kazi anayopimwa nayo: mtu asitoke bila risiti. Mhasibu naye ameelewa hivyo, na muuguzi wa wodi naye. Kila mmoja amefanya sehemu yake ndogo, na wote pamoja wamemfunga mama aliyezaa. Hakuna aliyeuliza, "Huyu mama yuaendeleaje?" kwa sababu hakuna mkubwa aliyewahi kuwauliza hivyo.

Katiba yetu ya 2010 imesema wazi katika Kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sura ya Sita inazungumza juu ya uongozi na uadilifu. Sheria tunazo. Lakini sheria haifanyi zamu ya usiku. Anayefanya zamu ya usiku ni sista, na yeye hufuata lile analojua wakubwa wake wanalijali kweli.

6. Mambo matano ya kuanza nayo

Kwanza, mbadilishe ajenda. Mkutano uanze na habari za wagonjwa kabla ya pesa. Daktari au sista msimamizi ajibu maswali matatu: Tangu tukutane mwisho, ni mgonjwa gani aliumia au karibu aumie mikononi mwetu? Ni dawa gani ilikosekana, na kwa siku ngapi? Watu wamelalamika juu ya nini? Jina la mgonjwa lisitajwe, maana siri yake ni yake. Ikiwa miezi mitatu jibu ni "hakuna kitu," msipige makofi. Ulizeni zaidi.

Pili, mshukuru anayeleta habari mbaya, mbele ya watu. Neno "asante kwa kutuambia" ligharimu nini? Litoke kabla ya neno lingine lolote. Mwenyekiti mkali kwa asili afanye mazoezi nyumbani, si aibu. Na mtu akisema ukweli, kisha akahamishwa zamu mbaya au akatengwa na wenzake, kamati ifuatilie jambo hilo kama inavyofuatilia pesa zilizopotea.

Tatu, mtenganishe makosa. Kuna kuteleza: sista mmoja mwenye wagonjwa themanini amechukua chupa inayofanana na nyingine. Huyo asaidiwe, na zile chupa zitenganishwe, ziandikwe vizuri, ili yeyote asiteleze tena. Kuna njia ya mkato: mtu ameacha kunawa mikono au kupima joto kwa sababu kila mtu ameacha. Huyo aonywe, na kamati iulize kwa nini wote wameacha. Labda maji yako mbali. Halafu kuna ubaya wa makusudi: kuuza dawa za zahanati, kumpiga mama akiwa na uchungu, kulewa kazini. Huo uende kwa sheria bila huruma ya uongo. Kiongozi anayeadhibu kuteleza kama wizi atafichwa vyote viwili. Na anayesamehe wizi kama kuteleza amewasaliti walio waaminifu.

Nne, mfungue masikio ya wananchi. Sanduku la maoni lina kazi ndogo kama ufunguo uko mfukoni mwa anayelalamikiwa. Lifunguliwe na watu wawili, mmoja wao asiwe mfanyakazi, na majibu yasomwe katika baraza au yabandikwe ukutani. Kwa wasiojua kuandika, mhudumu wa afya wa kijiji awaulize nyumbani. Orodha ya dawa zilizopokewa nayo ibandikwe nje. Mtu anayeona kwamba dawa za malaria ziliingia Jumanne hataambiwa Ijumaa kwamba hazijawahi kuja.

Tano, kiongozi atembee. Mara moja kwa mwezi wanakamati wawili waketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, tangu lango hadi chumba cha dawa, bila kutangulizwa na mtu. Wasiende kushika watu makosa. Waende kuuliza wafanyakazi swali moja: "Ni kitu gani kinakuzuia kumhudumia mgonjwa vile unavyotaka?" Mtashangaa majibu. Mara nyingine ni taa ya chumba cha kujifungulia, shilingi mia chache, na imeharibika mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Tunajua kuna mtu atasema, "Haya ni mazuri, lakini watu wakijua makosa yetu watakimbilia kwingine." Wasiwasi huo una maana. Lakini wananchi wanajua makosa ya zahanati kabla ya kamati. Wanayasimulia sokoni, kisimani na kwenye matatu. Wasichojua ni kama ninyi mnayajua, na kama mnajali. Yule mwenyekiti wa pili alipokwenda kuwaambia akina mama thelathini kwamba chanjo zimeharibika na warudi siku nyingine, alikuwa na hakika wengine wangenuna, na hata wengine wangemtukana. Lakini siku atakayowaambia kwamba chanjo ni nzuri, watamwamini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

(a) Fungueni kitabu cha kumbukumbu za mikutano mitatu. Hesabuni ni mara ngapi neno pesa au jambo la majengo limetajwa, na ni mara ngapi hali ya mgonjwa imetajwa. Andikeni namba hizo kwenye karatasi kubwa. Zinatuambia nini?

(b) Wawili waigize mazungumzo ya simu juu ya friji, kwanza na mwenyekiti wa kwanza, kisha na wa pili. Muulizeni aliyeigiza sista: ulijisikiaje kila mara? Ungepiga simu tena?

(c) Mfanyakazi wa mwisho aliyewaletea habari mbaya ni nani, na alipokewaje? Leo hii yuko wapi?

(d) Katika zahanati yetu mgonjwa wa dharura asiye na pesa akifika saa sita usiku, ni nani anaamua atibiwe? Je, mlinzi wa lango anajua uamuzi huo?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni jambo moja kati ya yale matano, moja tu. Andikeni ni nani atalifanya na kufikia tarehe gani. Kisha nendeni mkaiangalie chati ya friji ya chanjo. Ikiwa namba zote zinafanana tangu mwezi uanze, msimgombeze mtu. Keteni chini na sista, mmwombe maji ya kunywa, na mmuulize polepole habari za kazi.